Jina la Arobaini na Mbili

Alhamisi, 1 Novemba 2012

Leo saa nne asubuhi mume wangu Kelvin ameingiza kombaini ya kuvunia kwenye shayiri, na mimi nimefungua daftari jipya. Miaka mingine naandika mavuno tu: tani, mvua, na mashine gani imetusaliti. Mwaka huu nina kazi nyingine juu ya hiyo. Kamati ya ukumbi wa Burrading imeniachia mimi, katibu wake, sherehe ya kumuaga Mzee Alwyn Prowse. Itafanyika Jumamosi ya tarehe 12 Januari. Kesho yake binti yake, Rosalind, anamhamishia kwake mjini Perth. Mzee ana miaka tisini na hawezi tena kuishi peke yake shambani, ingawa ukimwambia hivyo atakuonyesha mlango.

Nimefurahi kupita kiasi! Nitaandika kijitabu chenye maisha yake yote. Wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa mwongoza njia wa ndege ya mabomu, safari thelathini kutoka Uingereza hadi Ujerumani na kurudi. Halafu akaishi nasi miaka sitini na sita: nahodha wa zimamoto, refa wa kriketi asiyehongeka, mpiga kinanda wa kanisani asiye na huruma kwa masikio yetu. Na kila tarehe 25 Aprili, siku ya kuwakumbuka askari, ndiye anayesimama mbele ya ubao wa heshima kutusomea majina ya waliokwenda vitani kutoka wilaya hii. Sijawahi kumsikia mtu mwingine akiyasoma.

Ijumaa, 2 Novemba

Shayiri inakwenda vizuri. Mkanda wa kombaini umekatika. Kelvin amesema maneno ambayo sitayaandika.

Jumapili, 4 Novemba

Nimekwenda ukumbini na kamera ili nipige picha jina lake ubaoni, niiweke kwenye jalada la kijitabu. Nikaanza juu, nikashuka: Abbott, Ballantyne wawili, Cutler. Nikafika kwenye P. Palikuwa na Pascoe, kisha Quartermaine. Nikarudia. Nikapanda kiti nikafuta vumbi kwa gauni langu, nikasoma moja moja kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Majina arobaini na moja kwa herufi za dhahabu, na Prowse hayumo.

Nimekaa kwenye kiti hicho nikatazama ubao kwa muda mrefu. Miaka yote hiyo hakuna aliyeona, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisoma. Tulikuwa tunamtazama yeye.

Jumatatu, 5 Novemba

Nimemkuta jikoni kwake anaandika maboksi: "Vikombe." "Vitabu, upande wa kaskazini wa kabati." Hata vijiko vyake vina mwelekeo.

"Mzee," nikamwambia, "jina lako halipo ubaoni."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwaka arobaini na sita. Orodha niliiandika mimi." Akanivutia kiti. "Kaa, Glenys, usinisimamie kama askari wa barabarani. Nilikuwa katibu wa kamati, kama wewe. Nikatunga kanuni: hakuna mtu kupendekeza jina lake mwenyewe. Kila jina litolewe hoja na mtu mmoja, liungwe mkono na mwingine. Siku ya mkutano kila mzee akasimamia mwanawe, kila kaka mdogo wake. Wazazi wangu mimi walikuwa wamekwisha kufa. Mwisho mwenyekiti akauliza, kuna jina jingine? Nikashika penseli, nikangoja."

"Na?"

"Kimya. Kila mmoja akimngoja mwenzake. Basi nikaandika: hakuna jina jingine." Akacheka mpaka akakohoa. "Baba yako akanipa mkono, akasema nimefanya kazi safi."

"Kwa nini hukusema, Mzee?"

"Ningesemaje? Kanuni ilikuwa yangu!"

Mimi sikucheka. Nimeendesha gari hadi nyumbani nikimsema baba yangu kwa sauti, na marehemu ana miaka ishirini kaburini. Jina hilo litaingia ubaoni kabla Mzee hajapanda gari la Rosalind, au mimi si katibu wa kitu chochote.

Jumanne, 6 Novemba

Nilidhani ni jambo la dakika tano. Nilikuwa nimesahau kwamba mwenyekiti wetu ni Clive Dunstall.

Clive ana miaka sabini na nne na anaijua katiba ya ukumbi kama wengine wanavyojua sala. "Jina haliongezwi ila kwa hoja," alisema, "kwenye mkutano wenye akidi. Na akidi yetu ni watu saba."

"Nitawapigia simu wote leo hii. Watakubali wote."

"Simu haina mwili, Glenys. Katiba inasema saba waliopo."

"Clive, ni wakati wa mavuno! Nitapata wapi wakulima saba wakae mahali pamoja?"

"Hilo ni la katibu," akasema, na akanikaribisha biskuti. Nilimwita nguruwe, kimoyomoyo, nikala biskuti.

Wajumbe ni kumi na mmoja, lakini wanne hawatakuwepo wilayani hadi Februari. Tunabaki saba kamili: Clive, mimi na Kelvin wangu, Tania Kickett anayepima malori kwenye ghala la nafaka, Ivo Marinovich ambaye shamba lake limepakana na letu, na mapacha Joy na Merle Ballantyne, wenye miaka sitini na minane, ambao wanaendesha malori yao wenyewe na hawaelewani tangu utotoni. Akikosekana mmoja, hakuna mkutano. Na fundi wa herufi za dhahabu anakuja tarehe 9 Januari tu, naye hagusi ubao bila muhtasari uliotiwa saini.

Jumapili, 11 Novemba

Saa tano asubuhi tulisimama mbele ya mnara wa kumbukumbu kuwakumbuka waliokufa vitani. Kwa sababu ya mavuno tulikuja watu tisa. Mzee Alwyn alisoma majina yote arobaini na moja, taratibu, na mara hii nilimsikia kwa masikio mengine. Alipomaliza Wilkes, wa mwisho, akafunga mdomo na kuvaa kofia. Nilitaka kulia, nikajikaza.

Halafu nikahesabu vichwa. Clive, Kelvin, Tania, Joy, Merle na mimi. Sita! Ivo alikuwa kwenye kombaini yake, tunaiona kabisa ng'ambo ya reli. Nikapunga mikono yote miwili. Ivo naye akanipungia, akaendelea kuvuna.

Jumatano, 14 Novemba

Ngano ya bonde la chini imezaa vizuri. Kelvin anaimba bafuni.

Jumatatu, 19 Novemba

Niliitisha mkutano saa moja asubuhi, kabla umande haujakauka na kombaini hazijaanza. Umande haukuanguka, kwa hiyo wengine walikuwa wameshaanza kuvuna. Tulikuja watatu, na mmoja wao alikuwa Merle aliyekuja kuhakikisha kwamba Joy hajaja.

Ijumaa, 23 Novemba

Nitaandika jambo ambalo mke wa mkulima hapaswi kuliandika. Leo kuna mawingu mazito magharibi, na mimi nataka mvua inyeshe. Mvua ikinyesha, kombaini zote zinasimama siku mbili, wote saba wanakuwa huru. Mvua ikinyesha, ngano iliyoiva inaharibika pia, nasi tunakula hasara. Kelvin amekaa barazani anatazama angani na kusema, "Pita, pita, tafadhali pita." Mimi nimesimama nyuma yake namwambia Mungu kinyume chake. Miaka thelathini na sita ya ndoa sijawahi kumsaliti hivi.

Jumamosi, 24 Novemba

Milimita mbili. Vumbi halikulowa. Kelvin amenibusu kwa furaha na nimeona haya.

Jumapili, 2 Desemba

Nimekwenda kumsaidia Mzee kufunga vitabu, na kwa mara ya kwanza amenieleza vita. Nilikuwa nimeuliza swali la kijinga tu: kwa nini akidi yetu ni saba, wakati kumbi nyingine zote za huku ni watano?

"Nilizoea saba," akasema. "Ndege yetu ilikuwa na watu saba. Niliporudi, kila nilipohesabu watano chumbani nilikuwa nawatafuta wawili."

Akanichorea nyuma ya bahasha. Rubani hapa, fundi pale, na yeye mahali hapa, kwenye meza ndogo yenye taa, na pazia zito ili mwanga usionekane nje. Penseli, ramani, saa. Kila dakika sita anapiga hesabu: tumekwenda kasi gani, upepo umetusukuma kiasi gani, kwa hiyo tuko wapi. Kazi yake yote ilikuwa kujua walipo bila kuona chochote. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

"Hukuchungulia nje hata mara moja?"

"Mara moja. Rubani aliniita, akasema njoo uone. Nikatoka. Kulikuwa na mji chini, unawaka kutoka pembe hadi pembe. Mimi ndiye niliyewafikisha pale, Glenys, na nilikuwa nimekosea sekunde arobaini tu, na nilikuwa najivunia zile sekunde arobaini. Nikarudi mezani nikafunga pazia. Sikutoka tena." Akaikunja bahasha. "Wote saba tulirudi nyumbani. Sasa nimebaki peke yangu. Niliporudi hapa, kazi ya kwanza niliyoomba ilikuwa zimamoto."

Nimemjua mtu huyu maisha yangu yote, na leo nimeona kwamba sikuwa namjua. Nikamwuliza kama anataka kweli jina lake liandikwe. Alifunga boksi la vitabu kwa kamba, akalikaza.

"Nataka," akasema. "Nimeona haya kulitaka kwa miaka sitini na sita. Lakini nataka."

Jumatatu, 10 Desemba

Mkutano wa pili, saa sita mchana, ghalani kwa Tania, katikati ya malori. Wazo langu, na lilikuwa zuri! Wote wanaleta nafaka pale. Nilimshika Ivo kwenye mizani, nikampata Joy, nikampata Merle, Clive akaja na kirungu chake cha mwenyekiti kwenye mfuko wa karatasi. Nikahesabu sita. Kelvin, mume wangu mwenyewe wa kanisani, alikuwa ameketi kwenye kombaini kilomita tisa kutoka hapo kwa sababu "alifikiri ni kesho."

"Clive," nikasema, "sita, na mmoja wao ni mke wa huyo wa saba. Naomba."

"Sita ni sita."

"Unajua kwamba baba yako ndiye aliyekuwa mwenyekiti siku ile? Aliyeuliza kama kuna jina jingine?"

Ilikuwa kali, na mbele ya watu. Clive akarudisha kirungu kwenye mfuko, akakunja mdomo wa mfuko mara mbili. "Najua, dada," akasema. "Alinieleza mwenyewe kabla hajafa. Alikuja kugundua miaka kumi baadaye, akaona haya kurudi nyuma. Ndiyo maana halitaingia kwa mlango wa nyuma. Sitaki aje mtu baada yangu aseme lile jina halikupitishwa sawasawa. Liingie mbele, watu saba, hoja, mkono juu."

Nimemwita nguruwe mwezi mzima. Leo jioni nimempelekea keki ya matunda, sikusema ni ya nini.

Jumanne, 18 Desemba

Joto nyuzi thelathini na tisa. Joy amemaliza kuvuna na ameanza kusema habari za bahari.

Huo ndio msiba mpya. Hapa kwetu, mtu akimaliza hekta ya mwisho, kesho yake hayupo: karavani, ile nyumba ya magurudumu, nyuma ya gari, familia nzima, Esperance pwani, samaki. Kwanza walikuwa hawaji kwa sababu ya mavuno, na sasa watakuwa hawaji kwa sababu ya kumaliza mavuno. Nimemlazimisha Joy aniapie atabaki mpaka tarehe sita Januari. Ameapa kwa jina la Merle, kwa hiyo sina hakika.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Nyuzi arobaini na moja. Nyama ya nguruwe baridi, kamba wa baharini, na wajukuu ndani ya tangi la maji la mifugo.

Jumatano, 2 Januari 2013

Sisi tumemaliza. Ivo amebakiza hekta arobaini na karavani lake limeshafungwa nyuma ya gari, naliona kutoka dirishani. Siku saba mpaka fundi aje. Nimeacha kulala vizuri.

Jumamosi, 5 Januari

Jana sikuandika. Leo naandika ya jana, na mkono wangu unanuka moshi.

Jana saa tatu asubuhi redio ilitangaza marufuku ya kuvuna wilaya nzima: joto nyuzi arobaini na nne, upepo mkali wa kaskazini. Siku ya marufuku hakuna kombaini inayowashwa, maana cheche moja inatosha. Kila mwenye tangi la maji anakaa tayari. Nilirukaruka jikoni! Nikapiga simu zote kwa pumzi moja: saa saba mchana, ukumbini, njooni na magari yenu ya maji kama mlivyo.

Saa saba kasoro dakika tano tulikuwa sita ndani. Clive ameketi mezani, kirungu mkononi. Mimi nimefungua kitabu cha muhtasari na kuandika tarehe. Nikaliona vumbi la Ivo barabarani, linakuja, linakuja. "Huyo!" nikapiga kelele. Ndipo ngurumo ikapasuka juu ya bati, radi kavu bila tone la mvua. Gari la Ivo halikupunguza mwendo. Likapita ukumbi likipiga honi bila kukoma, na kule lilikokwenda tukaona moshi.

Mkutano wote ukakimbilia nje. Mimi na Kelvin kwenye pikapu yetu, mapacha kwenye lori moja kwa mara ya kwanza tangu niwajue, Clive na Tania kwenye gari la zimamoto. Nahodha wetu wa sasa alikuwa Esperance na samaki wake. Mnara wa simu ukazimika mara moja, na ramani zote za kwenye vioo vya simu zikazimika nao. Tukaingia kwenye mabua ya Ivo, upepo ukageuka, na moshi ukatufunika. Sikuweza kuona boneti ya gari. Kelvin akasimamisha. Nilisikia moto lakini sikujua uko wapi. Niliogopa kufa, naandika kama ilivyokuwa.

Redio ya upepo ya garini ikakwaruza. "Kituo cha Burrading hapa," ikasema. "Kila gari linijibu, moja moja, msizungumze pamoja."

Alikuwa Mzee Alwyn. Alikuwa ameuona moshi kutoka jikoni kwake, akamwamuru Rosalind, aliyekuja kumsaidia kuhama, ampeleke kwenye banda la zimamoto. Rosalind anasema alimkatalia mara tatu, na mara ya nne Mzee alishika funguo za trekta.

"Glenys, mliingia geti lipi?"

"La magharibi, Mzee!"

"Saa ngapi? Mmekwenda kasi gani? Uzio uko upande gani?" Nikamjibu kila kitu huku nikilia, na yeye akauliza kwa sauti ileile ya kusoma majina. Kikapita kimya kidogo. Nilijua anafanya nini kwenye kimya kile. "Sawa. Mko nyuma ya kilima cha mawe. Mwambie Kelvin ageuke mpaka upepo umpige shavu la kulia. Kilomita thelathini kwa saa, dakika mbili na nusu, asizidishe. Mtakuta geti. Nje ya geti ni ardhi iliyokwisha kuungua, hapo mko salama."

"Mzee, hatuoni kitu!"

"Huhitaji kuona. Tazama saa."

Nikatazama saa. Kelvin akaendesha ndani ya weupe ule kwa dakika mbili, na nusu, na geti likatokea mbele yetu. Kelvin, ambaye hajawahi kunisifia ramani hata moja, akapiga usukani kwa ngumi na kupiga kelele ya furaha kama kijana.

Akatutoa wote namna ile. Gari la zimamoto, lori la mapacha, Ivo mwisho kabisa. Kisha akatupanga: ninyi kaeni hapa, ninyi pale, moto utafika relini baada ya dakika kumi na moja, uusubirini. Ukafika baada ya dakika kumi na mbili. Tulikuwa tumeshalowanisha nyasi zote za kando ya reli. Saa kumi na moja jioni ulikuwa umekufa. Ivo amepoteza hekta arobaini za mwisho na uzio mmoja. Hakuna mtu aliyeumia.

Tukaanguka chini penye majivu karibu na magari, weusi kama makaa, tunakunywa maji ya tangi. Joy alikuwa anamfuta Merle macho. Nikamwona Clive ananyoosha kidole, anahesabu polepole, midomo ikicheza. Akasimama. Hakuwa na kirungu, akapiga boneti kwa kiganja.

"Katiba," akasema, akikohoa, "inasema popote ndani ya mipaka ya wilaya, maana mwaka ilipotungwa ukumbi haukuwa na paa. Wajumbe saba wapo. Mkutano umefunguliwa. Katibu, andika."

Niliandika nyuma ya stika ya bima, kwa kalamu ya Ivo ya kuwekea kondoo alama.

"Kuna hoja ya jina?"

"Natoa!" nikasema. Lakini Ivo naye alisema "Natoa!", na Kelvin, na mapacha kwa pamoja, kila mmoja anamsukuma mwenzake, Ivo anadai ni shamba lake kwa hiyo ni haki yake. Zogo! Ndipo redio ikakwaruza. Merle alikuwa amekalia maiki ya redio muda wote.

"Mwenyekiti," ikasema sauti ya Mzee, "nimesikia watoa hoja watano. Kanuni inataka mmoja."

Clive akavua kofia yake. "Tania, shika kiti changu," akasema, "mwenyekiti haruhusiwi kutoa hoja." Tania akaenda kusimama mbele ya boneti, akajinyoosha. "Natoa hoja mimi, Clive Dunstall, kwa kuwa baba yangu hakuitoa. Kwamba jina la Alwyn John Prowse liandikwe kwenye ubao wa heshima."

"Nani anaunga mkono?" Tania akauliza, akatutazama wote kwa jicho la mizani. Wenzangu wakanigeukia mimi. Nikasema naunga mkono mimi, Glenys Hartigan, binti wa Ted Cutler aliyekuwepo. Mikono saba ikapanda, myeusi yote. Tania akasema imepita.

Redio ikakwaruza tena. Halafu, "Kituo kimepokea," akasema Mzee Alwyn, na sauti yake haikuwa ile ya kusoma majina.

Jumatano, 9 Januari

Fundi amesoma muhtasari wangu kwenye stika ya bima, akaugeuza, akaunusa, akacheka. Hakuna nafasi penye P, kwa hiyo jina limekwenda mwisho kabisa, chini ya Wilkes. Tumelifunika kwa kitambaa.

Jumamosi, 12 Januari

Watu mia mbili na kumi ndani ya ukumbi wa watu mia na hamsini! Hata waliokuwa Esperance walirudi, mapua yamechunika kwa jua. Clive alihutubia dakika nne na akaeleza waziwazi kosa la mwaka arobaini na sita, na la baba yake. Nilitamani kumkumbatia. Mzee Alwyn alivaa suti ya bluu na nishani zake, ambazo wengi wetu hatukujua kama anazo. Tukaondoa kitambaa. Akapanda jukwaani bila fimbo, akasimama pembeni ya ubao akitutazama sisi, kama siku zote, akasoma.

Abbott. Ballantyne. Ballantyne. Cutler. Hakutazama ubao hata mara moja. Akafika Wilkes. Akafunga mdomo, akainamia kofia yake kitini.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Sijui kama ni mazoea yaliyomshika au ni kanuni yake ile ya mtu kutopendekeza jina lake mwenyewe. Nilimtazama Clive, Clive akamtazama Ivo, Ivo akamtazama Rosalind. Watu mia mbili na kumi, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme. Na Mzee amekwisha kuvaa kofia. Nikaona kwamba tunalifanya tena, jambo lilelile, kwenye chumba kilekile.

Nikapanda juu ya kiti changu, mwanamke wa miaka hamsini na tisa na viatu vya kanisani.

"Prowse!" nikapiga kelele. "Alwyn John!"

Clive akapiga kelele baada yangu. Kisha Ivo, kisha mapacha, kisha bati la ukumbi likatetemeka, kila mtu analitaja, watoto wanaligongea viti. Mzee Alwyn alisimama pale na mkono kwenye ukingo wa kofia. Akageuka, akasoma ule mstari wa mwisho, akausoma tena. Akavua kofia. Tukanyamaza.

"Nipo," akasema.

Akashuka ngazi peke yake akaenda kuketi karibu na binti yake. Kelvin akaniteremsha kitini, kwa sababu mimi nilikuwa sioni kwa machozi.